Mkopo wa Kampuni Mama

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Ndugu Mwenyekiti wa TANU. Padre wetu na Shehe wetu mliokubali kubanana kwenye benchi moja. Bwana Meneja wa Kiwanda cha Nta. Ndugu Mughwai tunayekuaga pamoja na mkeo, Bibi Theresia. Ndugu Gasto unayeshika nafasi yake. Wageni mliopanda treni kutoka Kintinku na Manyoni. Wazee wangu, shikamooni. Na nyie wenzangu wa kiwandani mnaonikonyeza nifupishe: Uhuru!

Naona mmeitikia kwa nguvu. Pilau imeshanukia.

Kwa wasionijua, naitwa Dorkas. Nachuja nta, na wenzangu wamenichagua kuwa mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi hapa Itigi. Leo nimepewa kazi ya kumuaga afisa wa kodi ya mapato anayehamia Dodoma kwa cheo kikubwa zaidi. Hebu niambieni, ni wapi mmewahi kuona mtoza kodi akiagwa kwa pilau na ngoma? Wengi wao huondoka kimya kimya, na watu wakashukuru.

Wengine wenu mmesikia nusunusu habari ya kodi ya kiwanda chetu, kwa hiyo niieleze vizuri. Kiwanda chetu ni mtoto. Mama yake ni kampuni iliyoko ng'ambo. Tulipopata Uhuru, mama alimletea mtoto fedha za kujenga na kununua mitambo, wakaandikiana kwamba ule ni mkopo. Kila mwaka mtoto anamlipa mama riba, na sheria inaihesabu riba kuwa gharama ya biashara, kama kuni na mishahara. Huondolewa kwanza, kisha kinachobaki ndicho kinachokatwa kodi. Lakini fedha zile zingekuwa mtaji, mama angepokea gawio la faida, na faida hukatwa kodi kabla ya kugawanywa. Ni fedha zile zile, zimepitia mlango mwingine.

Ikawa kila mwaka riba inakula faida yote. Tunajaza mabehewa ya nta, na mwisho wa mwaka tunaambiwa kiwanda hakijapata kitu. Serikali haikupata kodi. Na sisi je? Makubaliano yetu yanasema kiwanda kikipata faida, fungu lake lijenge nyumba za wafanyakazi. Nyumba hizo nani ameziona? Mimi nalala na wanangu chumba kimoja nyuma ya stesheni, na mvua ikinyesha tunahamisha kitanda.

Bwana Meneja, usinune. Sehemu inayofuata unaijua kuliko mimi.

Siku ya Saba Saba mwaka juzi ulitualika chakula, ukamwalika na Ndugu Mughwai. Ukasimama kutueleza jinsi kampuni mama ilivyo na huruma. Ukasema ghala lilipoungua, uliwatumia wakubwa wako vipande vya nta iliyoungua na mifuniko ya mapipa, ili waone kwa macho yao. Nao wakakujibu kwa upole kwamba hasara ile ni yao, riba msilipe mpaka mtakapopata nafuu, kazi iendelee. Ilikuwa huruma kweli, na tulikupigia makofi. Ila ulisahau umeketi katikati ya Wanyaturu na Wagogo.

Ndugu Mughwai aliacha kutafuna. Akauliza, "Bwana Meneja, kumbe ulipeleka ngozi?"

Meza nzima tuliangua kicheko, na Meneja akawa anatutazama mmoja mmoja. Mzee Mazengo, mlinzi wetu, akamwonea huruma. "Bwana, kwetu mwenye ng'ombe wengi huwaweka wengine kwa rafiki yake. Rafiki anakamua, anapata na samadi. Ng'ombe akifa, aliyewekewa halipi. Anapeleka ngozi, mwenye mali aone amekufa kweli, naye anasema: pole, aliyekufa ni wangu."

"Na aliyekopa ng'ombe?" Meneja akauliza.

"Aliyekopa analipa, bwana. Hata akifa siku ile ile, analipa."

Sasa wageni wetu wa mbali msije mkaondoka hapa mkisema kodi ya Tanzania inakadiriwa kwa ngozi! Kile kicheko kilimfungua macho tu Ndugu Mughwai. Baada ya hapo alirudi kwenye sheria. Sheria inataka biashara ya ndugu kwa ndugu ipimwe kama biashara ya watu baki. Akauliza: mtu baki angekopesha fedha nyingi kuliko mtaji wa kiwanda chenyewe, bila dhamana, bila tarehe ya kurudishiwa? Angengoja faida ionekane ndipo adai riba yake? Moto ukiunguza ghala, angesema hasara ni yangu? Basi akaamua kwamba fedha zile ni mtaji uliovishwa jina la mkopo, na ile inayoitwa riba ni gawio. Lakini mkopo mwingine wa mama, wa kununulia malori, uliokuwa na tarehe na ukalipwa kwa wakati, riba yake aliikubali yote, hakugusa hata senti. Hapo ndipo mimi nilipomheshimu. Mtu huyu hata asali ya kuonja alikuwa akiilipia, mpaka wapakiaji wakamwona mjeuri.

Kampuni imepinga makadirio yake, na hiyo ni haki yake. Lakini wiki hii Bwana Meneja ametukusanya, akasema kodi hiyo isipoondolewa, kampuni mama itafunga kiwanda. Akaniomba nitumie nafasi ya leo kukusihi wewe, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, na wewe, Ndugu Gasto, ili jambo hili lifutwe. Ndiyo maana ananitazama hivi tangu nisimame.

Sitaficha, niliogopa. Mume wangu amefariki, watoto wakubwa wanasoma Kilimatinde, na kazi yangu ni hii moja. Jana jioni tulikutana uwanjani, na wengi walikuwa na hofu kama yangu. Ndipo Anastazia wa chumba cha mapipa akasema, "Tukiomba kodi ifutwe, tunakubali kwamba faida haipo. Na faida ikiwa haipo, nyumba tutajengewa na nani?" Kisha Simeoni, mpakiaji, akauliza kwa nini kampuni inayotaka kuhama imeshusha juzi pale stesheni sufuria jipya la kuyeyushia nta, kubwa mpaka wanaume wote waliitwa kulisukuma. Hapo hofu ilipungua, tukacheka.

Mheshimiwa, hatutaki mama afukuzwe. Ametuletea mitambo, ametufundisha kazi, na faida yake aichukue kwa heshima, akishalipa kama tunavyolipa sisi. Nchi hii tunaijenga kwa jasho letu sote, na yeye anakula hapa. Kwa hiyo wenzangu hawakunituma kuomba. Wamenituma niseme mbele yenu nyote kwamba uamuzi wa Ndugu Mughwai ni wa haki, na sisi ambao tungepoteza kazi ndio tunaosema hivyo.

Ndugu Mughwai, Bibi Theresia, nendeni salama Dodoma. Tutawakumbuka kwa wema. Ndugu Gasto, karibu Itigi. Huku utakuta vumbi na nyuki, na utakuta watu watakaosimama nawe.

Nawashukuru kwa kunitegea masikio mpaka hapa, pilau ikiwa inapoa. Bwana Meneja, kesho king'ora kikilia tutakuwa getini sote. Wewe fungua tu.