Wino wa Njano na Nakala ya Bluu

Benchi letu liko kati ya mlango wa fundi cherehani na meza ya fundi saa, ng'ambo ya barabara kutoka ofisi ya vibali. Asubuhi ile kahawa ilikuwa moto na habari ilikuwa moja: kibali cha Mama Pindo cha kushonea barazani kilikuwa kinaisha siku hiyohiyo. Fomu mpya isipofika ofisini kabla ya saa sita, cherehani yake inarudi ndani, kwenye chumba ambamo hata mchana huwezi kutunga uzi bila kuwasha taa. Fomu alikuwa nayo, nakala tatu: nyeupe, bluu na waridi, kila moja ijazwe kwa mkono. Kilichokosekana ni rangi ya kuandikia. Tangazo la ofisi, lenye muhuri, lilisema mwombaji asitumie wino mweusi, maana ni wa mashine. Wala wa bluu, ni wa makarani. Wala mwekundu, ni wa wakaguzi. Wala wa kijani, huo ni wa mkurugenzi peke yake.

Masjala: Imebaki njano.

Masjala ni mstaafu. Miaka thelathini na moja aliketi kwenye masjala ya serikali akipokea majalada, na hadi leo hanywi kahawa kabla hajaigongagonga meza kama anayepiga muhuri. Akatoa mfukoni kalamu ya wino na kichupa ambacho hakijawahi kufunguliwa. Ndani mlikuwa na njano ya kiini cha yai.

Mama Pindo: Mzee wangu, nani anampa mtu mzima wino wa njano?

Masjala: Wenzangu, siku ya kuniaga. Walichoka kusoma barua zangu za malalamiko.

Sekunde: Usiguse fomu kwanza! Tujaribu kwenye karatasi nyingine.

Sekunde ndiye fundi saa. Akabana lenzi yake jichoni, akakusanya karatasi zote zilizokuwa karibu. Kwenye gazeti wino ulitambaa pande zote, herufi moja ikawa na ndevu. Kwenye risiti ulisimama matone matone kama jasho, ukakataa kuingia. Kwenye bahasha ya kaki ulipotea.

Mama Pindo: Umeandika nini hapo?

Masjala: Jina lako lote.

Mama Pindo: Basi nimeshafutwa.

Kwenye kalenda ya mwaka jana, ile karatasi ya kung'aa, ulikaa juujuu ukiwaka, ila ukiugusa tu unaondoka na kidole. Tukaanza kupokonyana kalamu. Mimi mwenyewe, niliyekuja kunywa kikombe kimoja niondoke, nilijikuta nimeinama na karatasi ya kukatia mitindo nikiulizia ncha nene.

Mwishowe Masjala akatia nukta pembeni mwa nakala nyeupe. Tulipoitazama kutoka juu, hakuna kitu. Tulipoiinamisha juani, ikaonekana.

Sekunde: Nimeelewa! Huu ni wino wa waombaji. Ofisi inakataa bila kusoma, halafu inasema kweli kwamba haikuona sababu.

Mama Pindo: Acha zako.

Sekunde: Dada, nakwambia. Na mkurugenzi ana miwani maalumu. Akiivaa anaona maandishi ya njano tu, makarani wao wanaona karatasi tupu. Ndiyo maana anawakuta wamesinzia.

Masjala: Nyamazeni kidogo.

Alikuwa ameacha kugonga meza.

Masjala: Kulikuwa na jalada pale masjala. Karatasi arobaini nyeupe, tupu. Kila mwaka nilizihesabu, nikaandika "hazina maandishi", nikarudisha kabatini.

Sekunde: Uliwahi kuziinamisha juani?

Masjala: Masjala haina dirisha.

Saa zote nne kwenye meza ya Sekunde zilikuwa zinaelekea saa sita, kila moja kwa mwendo wake. Masjala akatia nukta ya pili, kwenye nakala ya bluu. Ilipokauka tukasogeza vichwa vyote.

Ilikuwa ya kijani.

Masjala: Usiandike hapo, mama! Hiyo rangi ni ya mkurugenzi.

Mama Pindo: Kichupa hiki ni cha rangi gani?

Masjala: Njano.

Mama Pindo: Tangazo limekataza njano?

Masjala: Halijakataza.

Mama Pindo: Mimi naandika kwa njano. Karatasi ikiamua kugeuza, iitwe yenyewe ijieleze.

Akaketi kwenye kiti cha cherehani, akajaza zote tatu kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kufuata mstari wa chaki. Nyeupe ilibaki kama haijaguswa. Ya waridi ikatoa rangi ya machungwa, ambayo hata Masjala hakujua ni ya cheo gani. Ya bluu ikawa ya kijani mwanzo hadi mwisho, pamoja na mstari wa chini: "Naomba niendelee kushonea barazani."

Ilipofika saa tano na nusu, akaja dada mmoja wa sare, faili kwapani. Ni tarishi wa ofisi ya vibali; alikuwa amefuata saa yake kwa Sekunde. Akaziona fomu juu ya cherehani.

Tarishi: Hizi za kwetu? Nipeni, naingia sasa hivi.

Akaipindua nyeupe mara mbili, akadhani ni karatasi ya akiba, akaiweka chini. Ya waridi, yenye rangi asiyoijua, aliipita vilevile. Alipofika kwenye ya bluu akasimama wima, akaishika kwa mikono miwili.

Tarishi: Hii imeshapita.

Akaitoa katika fungu la maombi, akaiweka upande wa pili wa faili, ule wa yaliyokubaliwa. Mama Pindo akatunga uzi kwenye sindano. Tarishi akapiga hatua mbili, akageuka.

Tarishi: Samahani, wakubwa. Kwani mkurugenzi alipita hapa saa ngapi?

Sekunde akatazama saa zake zote nne. Masjala akatazama kikombe. Mama Pindo alikuwa ameshakanyaga pedali, na kwa kelele ile hakuna ambaye angeweza kumlaumu kwa kutosikia.