Glenda Oxtoby, Aliyeniambia Nifunge Mlango

Jumamosi hii, tarehe 19 Oktoba 2024, Bi Glenda Oxtoby anastaafu kazi ya kupiga dramu katika bendi ya Kilnsea ya hapa Hull, baada ya miaka thelathini na mmoja, mwezi mmoja na siku kumi na tano. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Sisi wengine bendini hatukumbuki hata mwaka tuliooa.

Wenzangu wameniomba mimi, mpiga besi, niandike maneno haya kwa ajili ya kijitabu cha onyesho lake la mwisho. Nadhani wamenichagua kwa sababu mimi ndiye niliyekaripiwa naye kuliko wote.

Glenda alikuja kwetu Septemba 1993 akitokea jikoni. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi karibu na Hessle Road, mama wa miaka thelathini na mitano. Sisi watatu, yaani Russell mwimbaji, Tariq wa gitaa na mimi, tulikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu tuliojiona tumeshafika. Aliingia na vijiti vyake vimefungwa kwenye kitambaa cha kukaushia vyombo, akapiga nasi wimbo mmoja, kisha akatutazama. "Mnajua kupiga," alisema, "ila kila mmoja anakimbilia basi lake." Tulimpa kazi kabla hajamaliza chai.

Albamu ya kwanza, Koti la Kuazima, tuliirekodi mwaka 1996 katika ghala la zamani la kukaushia samaki kwa moshi, ambalo hadi leo ndilo chumba chetu cha mazoezi. Shakwe wa pale wana kelele kuliko gitaa la Tariq. Nilitoka kidogo, nikarudi, nikaacha mlango wazi, na Glenda alikuwa ameshaanza kuhesabu ili wimbo uanze: "Moja, mbili, Neville funga mlango, tatu, nne!" Fundi mitambo aliapa kwamba atayakata maneno hayo. Akasahau. Santuri elfu tatu zikarudi kutoka kiwandani zikiwa na jina langu na aibu yangu.

Tulitaka kuzizika. Lakini mtangazaji mmoja wa redio aliupiga wimbo huo asubuhi, na wasikilizaji wakapiga simu wakiomba warudishiwe "ule wa mlango". Tangu hapo sijapanda jukwaani bila ukumbi mzima kunifokea. Nimeambiwa nifunge mlango na daktari wa meno, na fundi aliyekuja kusoma mita ya gesi, na kasisi aliyenifungisha ndoa, tena mbele ya mama mkwe.

Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Glenda alishika mbili kwa miaka ishirini na tisa na hakuna iliyomponyoka. Jiko la shule hakuliacha, kwa hiyo Kilnsea ikawa bendi pekee ninayoijua iliyofanya ziara kwa kufuata kalenda ya likizo za shule. Albamu ya pili, Wiki Moja ya Februari, ilipewa jina hilo kwa sababu hiyo wiki moja ya mapumziko ndiyo tuliyokuwa nayo. Alicheleweshwa na mlo wa watoto mara moja tu, siku ya Jumatatu ya samaki walioungua, na hapendi tuitaje, ndiyo maana nimeitaja.

Mwaka 1999 kampuni iliyokuwa ikitoa albamu zetu ilimtuma bwana mmoja kutoka London. Alitukalisha kwenye mkahawa wa Spring Bank na kutuletea ziara ya Amerika: wiki sita, miji ishirini na minane, Mei na Juni. Mpiga dramu wa kuazima alikuwa ameshapatikana.

"Nina watoto mia mbili na arobaini wa kulisha," Glenda alisema. "Nendeni. Sitanuna."

Russell alikuwa na pasipoti mfukoni, nilimwona akiigusa. Sote tuliitaka Amerika. Tariq aligeuza karatasi ya orodha ya vyakula, akaandika nyuma yake maneno matatu, Wanne au hakuna, na sisi watatu tukatia sahihi. Glenda alitia ya mwisho, tena kwa kusukumwa. Bwana wa London aliondoka bila kumaliza katlesi yake ya viazi, na kampuni ikatuacha ndani ya mwezi. Russell alinuna mwaka mzima, kisha akatunga nyimbo zote za Wanne, albamu yetu ya mwaka 2001, iliyouzwa kuliko zote. Ile karatasi tuliitundika ukutani juu ya birika la chai.

Mafuriko ya Juni 2007 yalipoingia ghalani, dramu zake zilielea hadi mlangoni. Glenda hakuja kuziangalia kwa siku tisa, kwa sababu alikuwa akipikia majirani waliolala kwenye ukumbi wa kanisa. Maji ya Juni tuliirekodi kwa dramu za bendi ya tarumbeta ya kanisa hilohilo. Ya tano, Chumvi na Siki, ilifuata mwaka 2015, na kuhusu hiyo sitasema mengi maana niliimba wimbo mmoja humo.

Alistaafu jikoni mwaka 2022. Hatimaye tukawa na mwezi wa Mei! Tulitoa albamu ya sita mwaka uliofuata, tukaiita hivyohivyo, Mei, Hatimaye. Glenda aliomba dramu zipandishwe sauti, kisha zipandishwe tena. Wahakiki walisema huo ni ujasiri. Sisi tulikubaliana nao, tukajipongeza.

Machi mwaka huu nilichelewa mazoezini, nikaingia na kuacha mlango wazi. Nje shakwe walikuwa wakigombania mfuko wa chipsi kwa fujo isiyo na mfano. Glenda aliinua vijiti. "Moja, mbili, tatu, nne." Akaendelea kupiga, ametulia kabisa. Mimi nilishindwa kugusa hata uzi mmoja. Miaka yote ile nilikuwa nikitamani anyamaze, na siku aliponyamaza niliogopa.

Nilipombana alikiri: daktari alikuwa ameshamwambia mwaka mzima kabla. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lingefuata kama angeendelea kukaa katikati ya matoazi. Alituficha kwa sababu ya ile karatasi juu ya birika: akitoka yeye, bendi imekufa. Nilisema basi na ife, mimi sipigi na mtu mwingine. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile.

"Wewe kijana," aliniambia, nami nina miaka hamsini na saba. "Amerika yenu ilipotea kwa ajili yangu. Miaka ishirini na mitano kila nikiweka maji ya chai naisoma ile karatasi. Unataka nibebe na hili? Wanne ni wanne, Neville. Haikuandikwa lazima mmoja awe mimi."

Wiki iliyofuata alimleta Maxine Brocklebank, fundi wa boila kutoka Beverley, ambaye alikuwa amemfundisha nyimbo zetu zote kimyakimya. Maxine alipiga wimbo mmoja. Nilitafuta kosa, sikulipata. Karatasi bado ipo ukutani, na sahihi zimekuwa tano.

Jumamosi Glenda atahesabu kwa mara ya mwisho, na atakaponifokea, naomba ukumbi mumwachie afoke peke yake.

Glenda, asante kwa albamu sita, kwa kila sahani ya supu, na kwa hasira yako ya Machi. Upumzike kwa raha, na lile sikio lililobaki ulitunze kama yai. Daktari amesema uani unaweza kukaa, hatua ishirini kutoka kwenye matoazi. Mazoezi ni Alhamisi, saa kumi jioni. Kiti chako nimeshakiweka pale nje, na shakwe wapige kelele wapendavyo. Mlango nitauacha wazi.

Neville Stathers, besi