Dereva Aliyenogewa

Nyuma ya dereva wa basi nililopanda walikaa fundi cherehani na muuguzi, waliokutana humo humo. "Gari linalojiendesha halisinzii wala halina hasira, dada," alisema fundi. Muuguzi akacheka. "Jana dereva huyu aliniona nakimbia, viatu mkononi, akanisubiri. Hilo gari lako lingenijulia wapi, kaka?" Kwenye kioo nilimwona dereva, meno yote nje. Akaenda hivyo hivyo mpaka akapitiliza kituo cha muuguzi, ndipo akafunga breki. "Samahani, dada, nimenogewa na mazungumzo." "Umeona?" fundi akadakia. "Mashine hainogewi." "Ndiyo maana siipandi," muuguzi akajibu, akishuka kwa kicheko. Niliwacheka wote watatu, kisha nikakumbuka kwamba kituo changu tulikipita zamani.