Mchezo wa Kunyamaza

Mvua ilikuwa imeushika mtaa tangu alfajiri, haina dalili ya kuachia. Kwenye benchi la kijiweni, chini ya upenu wa duka lililofungwa, walikuwa watatu na birika moja la kahawa: Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote, Profesa, karani mstaafu mwenye jibu la kila kitu, na Fundi Saa, ambaye siku hiyo hakuwa na nguvu hata ya kupuliza kahawa yake. Shule zimefungwa, watoto wake watatu wako ndani, na mkewe ni muuguzi wa zamu ya usiku, analala mchana. Jana walimwamsha, akaenda kazini akisinzia, nusura achanganye dawa za wagonjwa. Leo kabla ya kulala alimwambia mumewe neno moja tu: “Naomba usingizi.”

— Nimechoka, jamani, Fundi alisema. Nimechoka mpaka kope.

— Changanya mchele na maharage, wape wachambue, Kocha akamwambia. Nusu siku imekwisha hiyo.

— Nilijaribu juzi. Yule mdogo akajitia harage puani.

— Basi tandaza shuka juu ya viti, waambie ni nyumba yao.

— Shuka limechanika. Kila mtu anataka kuwa mwenye nyumba.

Profesa akakohoa kwanza, kama kawaida yake.

— Nyie hamjui chanzo. Mtoto ana betri. Mvua ikinyesha, radi inamchaji. Ndiyo maana siku za jua wanalala mapema.

— Siku za jua wanalala kwa sababu wamecheza nje, Profesa, Fundi akamjibu.

— Hayo ya juujuu. Dawa ni sufuria. Mvishe kila mmoja sufuria kichwani, chaji yote inashuka chini.

— Wakizigonganisha je? Mama yao amelala!

— Zivalishe soksi, Kocha akadakia. Au sikiliza: fungua kitanda chote, skrubu mojamoja, wape wakiunge upya. Mvua ikikatika una kitanda na una mafundi.

— Mama yao si ndiye kakilalia, Kocha?

Fundi akacheka, cheko la kwanza siku hiyo, akanyoosha miguu.

— Ila leo nimewapatia. Nimewaambia tucheze kujificha. Wao wajifiche, mimi nitafute. Atakayetoa sauti kashindwa. Nyumba ikatulia tuli! Nikasema ngoja nichungulie kijiweni, kikombe kimoja tu.

— Fundi, we kiboko! Kocha alimpiga begani.

Profesa akammiminia kikombe cha pili, cha heshima, na Fundi hakukikataa. Joto la kahawa lilimshuka taratibu, akajisikia mtu tena.

Pembeni alikuwa amesimama dada mmoja mfagia barabara, fagio kwapani, aliyekuja kujikinga na mvua.

— Samahani, kaka zangu. Hao waliojificha, sasa hivi anawatafuta nani?

Kocha akajifanya anatazama mawingu. Fundi aliacha kikombe kwenye benchi, kimejaa, akatoka mbio mvuani.

Alikuta mlango uko wazi. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya sebule, kanga ya kulalia begani, macho mekundu. Binti mdogo alikuwa amemng'ang'ania mguu akilia kwa kwikwi.

— Nimekaa kimya sana, mama. Baba hakuja kunitafuta.

— Najua, mwanangu. Nimekuona.

Sare ya kazini ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, tayari kwa zamu. Fundi aliitazama, akaona aibu. Alisubiri agombezwe, ila mkewe hakuwa na nguvu ya kugomba, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

— Wenzake bado hawajaonekana, mkewe alisema kwa sauti ya chini. Akamtazama mumewe maji yanavyomchuruzika, akamuuliza:

— Na wewe, baba yao, ulikuwa umejificha wapi?