Jina la Arobaini na Nane: Wasifu wa Marehemu Jotham Pitaveke, 1951–2024

Mchungaji, ndugu na majirani, mimi ni Lynette, mtoto wa dada yake marehemu. Nimepewa kuusoma wasifu huu kwa sababu ni mimi niliyempigia chapa karatasi zake kwa miaka minane, na Mama Ezra, mjane wake, amesema aliyeandika za uhai wake aandike na za kaburi. Nimekubali, ingawa karatasi zangu hazijawahi kumfaa kitu.

Mzee Jotham Pitaveke alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Sarovanga, kisiwani Choiseul, mtoto wa kwanza wa marehemu Daniel Pitaveke na marehemu Nolaqe. Kati ya watoto sita, ni yeye aliyechaguliwa na babu yake arithi mipaka ya ukoo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1959 hadi 1966, akaishia darasa la saba. Shule yake ya pili ilikuwa msitu huu ulio nyuma yetu. Kule kilimani, kama mjuavyo, yako makasha ya mawe yenye majivu ya wazee wetu wa kabla ya misheni, na kila kasha lina mwenyewe. Babu alimfundisha kwamba hao ndio wenye ardhi wa kwanza, na hapiti mtu mpaka amewasalimia mmoja mmoja kwa jina. Siku moja mtoto alisahau jina moja, nao walikuwa wamebakiza makasha mawili tu. Wakarudi nyumbani, wakaanza upya kesho yake. Mjomba alisema viboko vyote vya misheni havikumwingia kama ile safari ya kurudi.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Eunice Zaleqa, wa upande wa pili wa kisiwa. Alivuka kilima kwa miguu na nguruwe wawili wa mahari, akafika ukweni amechelewa siku nzima, viazi vimepoa na kwaya imeshakwenda kulala. Baba mkwe akamuuliza, "Mwanangu, umekuja kuoa au kukagua makaburi?" Alikuwa amewasalimia wote njiani. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Kuanzia 1983 hadi 1991 alikuwa mpimaji wa magogo katika kampuni ya mbao ya ghuba ya jirani. Aliacha mwaka ambao mto wa kule uligeuka tope, wanawake wakawa wanafuata maji ya kunywa kwa mtumbwi. Habari hizo hakupenda kuulizwa. Alipoulizwa sana alijibu, "Nimepima miti iliyolala miaka minane. Iliyobaki nitaipima imesimama."

Nafasi hiyo aliipata mwaka 2016, tulipoambiwa kwamba msitu ukisajiliwa katika biashara ya hewa ukaa, watu wa mbali watatulipa tusiukate. Mjomba alichaguliwa mwakilishi wa ukoo. Alizunguka na utepe wake akipima unene wa kila mti, akachora ramani, akajaza fomu. Fomu ilitaka orodha ya wenye ardhi wote, na sahihi zao. Mjomba akaandika walio hai, mia mbili na kumi na mmoja, kisha akaandika wa kilimani na wa makaburini aliowajua kwa majina, thelathini na wanane. Penye sahihi zao aliandika: "Wamo ndani."

Mimi ndiye niliyeipiga chapa orodha ile, na sikuona kosa. Ninyi mngeliona? Ofisi ya usajili iliijibu baada ya miezi saba. Watu thelathini na wanane hawakutia sahihi, ikasema, kwa hiyo maombi hayajakamilika. Nilimsihi tuwafute, maana ofisi haina haja nao.

"Nikiwafuta, nitapitaje kilimani?" aliniuliza. "Hao wa ofisini watanisindikiza?"

Ilituchukua mwaka mmoja na nusu kuwahamishia kwenye karatasi ya pembeni, na hapo ofisi ikaridhika. Ikataka sahihi mpya za walio hai. Hapo ndipo tulipokwama, jamani, na hakuna wa kulaumiwa. Desturi yetu mnaijua: msiba ukiingia, habari za ardhi hazitajwi mpaka matanga yaanuliwe siku ya mia. Wahenga walisema kufa kufaana. Kwetu kila kifo kilitupokonya siku mia, na matanga yakianuliwa, muda wa fomu umekwisha. Tunaanza tena, orodha inakaribia kujaa, anakufa mwingine. Tisa wamekwenda hivyo. Mjomba alikuwa akiwaandika upande wa pili, kwenye ile karatasi ya pembeni, kwa mkono wake, pole pole, na hati nzuri kuliko yangu.

Mwaka 2019 zilibaki sahihi nne tu, akafariki mama yake Rodney, yule binamu wa Mjomba. Rodney hakuwahi kuupenda mradi. Alizoea kumtania, "Kaka, hewa unayouza hata wewe unaivuta bure." Ni yeye na wenzake wanne waliokwishatia sahihi kwa kampuni ya magogo. Lakini siku ile mimi ndiye niliyekosa adabu: nilipeleka fomu msibani, nimeifunga kwenye kanga. Mjomba aliniona, akaichukua, akaikalia mpaka watu wakaondoka. Akaniambia machozi ya kumlilia mama yake Rodney bado hayajakauka. Sahihi nne zikangoja, na muda ukapita. Nilimkasirikia miezi mingi. Leo namwomba radhi mbele yenu.

Ugonjwa wake ulikuwa kisukari. Novemba mwaka jana alijikata mguu akipima miti, na kidonda kikakataa kupona. Tarehe 20 Mei tulimpeleka kwa mtumbwi wa injini mpaka hospitali ya Taro. Orodha ilikuwa imejaa wiki tatu kabla, kwa mara ya kwanza, na kila siku aliniuliza kama barua imekuja. Siku moja kabla hajafariki aliacha kuuliza.

"Wangapi sasa upande wa pili?" akasema.

Nikamwambia arobaini na saba.

"Basi mimi wa arobaini na nane. Uniandike. Usije ukanifuta wewe."

Alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa moja asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Barua imefika jana. Imeandikwa tarehe ileile aliyofariki. Maombi yamekubaliwa, inasema. Imebaki sahihi ya mwakilishi, ndani ya siku sitini. Kama mwakilishi hayupo, ukoo ukutane umchague mwingine. Na kukutana huko ndiko kuzungumza ardhi.

Jana niliwauliza wazee kama siku mia zinaweza kupunguzwa. Aliyejibu ni Rodney, na sikutegemea. "Kaka alizingoja mia za mama yangu," alisema. "Na mimi nitazilinda zake, hata kwa fimbo. Lakini meli ya magogo haina matanga, Lynette. Sahihi zetu tano inazo tayari, na zinaitosha." Alikuwa akilia.

Mjomba ameacha mjane, Eunice. Watoto, Ezra, Tabitha, Naomi na Kiloe. Wajukuu kumi na mmoja. Dada mmoja, mama yangu. Na watu mia mbili na mmoja wa orodha, ambao ni sisi tuliosimama hapa.

Nimemwandika Mjomba wangu, wa arobaini na nane. Penye sahihi nimeandika kama alivyonifundisha: yumo ndani. Siku za ofisi zitakwisha tarehe 2 Agosti. Za kwake zinaanza leo tukishamfunika, na zitakwisha tarehe 14 Septemba. Nimezihesabu mara nyingi, nikiisoma kalenda huku na huku, na mia haziingii ndani ya sitini.

Apumzike kwa amani. Na kilima, Bwana, nacho kiachwe kipumzike.