Makoti Mawili kwenye Kulabu Namba Saba

Bwana Bogumił Sroka anastaafu tarehe 30 Juni 2019, baada ya kuchora mabango ya ukumbi wa maigizo wa Latarnia, hapa Łódź, kwa miaka thelathini na minane. Mimi Wiesława Kubiak, mtunza makoti ya watazamaji, ndiye niliyeombwa kuandika wasifu huu, eti kwa kuwa namjua kuliko wote. Kweli namjua. Anatia vijiko vinne vya sukari kwenye chai, halafu nyumbani anamwambia mkewe ni kimoja.

Alikuja mwaka 1981 akiwa na brashi tatu na nywele nyingi. Brashi anazo bado.

Amechora mabango mia mbili na kumi na moja, herufi zote kwa mkono. Kwake herufi nene inafoka, nyembamba inanong'ona, na ukiisogeza pembeni inakuwa mpweke. Alama ya picha ni moja tu kwa bango. Alisema ukiweka mbili zitagombana. Kila bango alilitundika kwanza kati ya makoti yangu na kuuliza, akilifupisha jina langu, "Bi Wiesia, unaona nini?" Nikijibu kwamba naona bango, basi analirudisha juu kwenye chumba chake akalichore upya, bila kununa. Haya, alinuna kidogo.

Mwaka 2004 nusura tumpoteze. Mkurugenzi wa wakati huo, Bwana Rogalski, alitaka mabango ya picha za waigizaji zilizopigwa kwa kamera. Akampa Bwana Sroka bango moja la mwisho, la mchezo wa mama anayemsubiri mwanawe: foleni isipoonekana kwenye dirisha la tiketi, afungashe virago.

Hofu ikamfanya ajaze kila kitu: mshumaa, kunguru, machozi, dirisha lililovunjika. Nikamwambia, "Bwana Sroka, hili ni soko la Jumamosi!" Akaketi kwenye kiti changu akafunika uso. Nilimwonea huruma jamani. Ili kumpoza nikamwonyesha koti la kijivu kwenye kulabu namba saba, lililoachwa tangu Novemba. Mwenyewe hakurudi, nami sikuwa na moyo wa kuliondoa. Hadi leo, kila Jumatatu nalipiga brashi.

Alilitazama mpaka chai yake ikapoa.

Bango jipya lilikuwa koti lile tu, juu ya weupe. Herufi nyembamba za jina la mchezo zilibanana karibu na kola, isipokuwa ya mwisho, iliyosimama peke yake chini kwenye pindo. Aliponiuliza naona nini, nililia. Watu kituoni waliacha tramu ikapita wakilitazama. Foleni ilifika hadi kwa muuza mikate, na Bwana Rogalski akashuka mwenyewe kusema, "Umenishinda, Sroka. Panda ukachore."

Wiki iliyopita alileta bango la kuaga. Halina herufi hata moja. Ni kulabu namba saba, koti la kijivu, na juu yake koti lake la kahawia. Alama mbili, yeye! Akauliza naona nini.

"Naona mtu asiyetaka kwenda nyumbani," nikasema.

Safari hii hakununa. Alitoa leso.

Asante, Bwana Sroka. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na sukari umwambie mkeo ukweli. Koti lako la kahawia, uliloliacha kwenye kulabu hiyo, sikurudishii. Utalifuata mwenyewe Oktoba, onyesho la kwanza. Mpaka hapo nitayapiga brashi kila Jumatatu, yote mawili.