Aliyelivulia Gari Kofia

Kwa miaka ishirini na mmoja Ladislas Nzoyihera ameshika usukani wa gari la wagonjwa la zahanati yetu ya Nakivale. Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, anarudisha ufunguo, na wale waliomwita kichaa naomba wakae viti vya mbele wasikie vizuri.

Alikuja mkimbizi kutoka Burundi, akaanza kwa kuosha gari, kisha akakabidhiwa. Siku hiyohiyo alitangaza kwamba gari lile ni mamkwe wake. Kabla ya kufungua mlango alivua kofia, akalisalimu, mikono yote miwili juu ya boneti. Ndani hakula, hakuwasha redio, hakupaza sauti, kwa kuwa mbele ya mama wa mkewe mtu mwenye adabu hathubutu. Tulicheka mpaka machozi.

Katika filamu za mapigano zinazojaza vibanda vyetu vya video, kila kikosi kina kichaa wake, na ndiye hurusha helikopta wenye akili wakishindwa. Vijana walilielewa hilo. Wakubwa wenye vyeti vya warsha, wapi!

Msimamizi wetu Kizito alitaka kumwondoa. Mvua za mwaka juzi alipanda gari amchunguze mwenyewe, siku ambayo Bella, mjamzito wetu, alikuwa akikimbizwa hospitali ya Mbarara, mtoto amelala vibaya tumboni. Kabla ya kufika lami, Ladislas akasimama ghafla, akashuka, akapiga magoti matopeni.

"Mamkwe, unisamehe, nimekuchosha."

"Wewe mzee, kichwa yako ni mzima? Endesha!" Kizito akafoka.

"Shii! Hapa hatupigi makelele."

"Baba Ladislas," Bella akalia, "miye nakufa huku, na weye unaomba gari pardon?"

Gurudumu la mbele lilikuwa limebakiwa na nati mbili. Katika ukimya ule tulioucheka, yeye alikuwa amelisikia likigonga. Akafungua nati moja katika kila gurudumu lingine, akazikaza hapo, akalishukuru gari, akaondoka. Bella alifika, akapasuliwa, akamzaa Ishema, ambaye leo anakimbiza kuku uani kwetu. Kizito hajalitamka tena neno kichaa.

Asante, Mzee Ladislas. Nenda Ngarama ukalime maharage yako, uwashe redio mpaka majirani walalamike, uzeeke kwa raha. Wala usihofu: jana asubuhi dereva mpya, Divine, alitazama kulia na kushoto, akidhani hatumwoni, akavua kofia, akaliamkia gari.